Kilio cha Benki

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, theluji imeanza kuyeyuka na viatu vyote vya mlangoni vimeloa. Nilikuwa sijafika arobaini, mdomo mwepesi, najua kila kitu. Mama Amani, mama wa Kikongo aliyekaa ghorofa ya juu yetu kule Norsborg, Uswidi, alitupigia simu. "Baba, tuko na kilio. Mukuye." Akakata.

Kwa Wakongo kilio ni msiba. Mke wangu akapika wali, mimi nikavaa suti nyeusi, tukapanda. Sebule ilikuwa imejaa watu. Nikamwinamia mzee mmoja na kumuuliza kwa sauti ya chini marehemu ni nani.

"Benki," akanijibu.

Nilidhani nimesikia vibaya, maana sisi Watanzania na Wakongo hupishana maneno kila siku. Kumbe nilisikia sawasawa. Habari zilikuwa zimefika kutoka Bukavu kwamba benki ya zamani ya mawe imebomolewa ili pajengwe maduka. Walioijenga ni mume wa Mama Amani, aliyeuawa vitani, na ndugu zake wawili. Basi mama akaweka matanga. Nikwambie kweli, nilitamani kuchukua sufuria yetu nirudi chini.

Aliyeona haya kuliko wote ni Amani, mwanawe wa pekee, fundi kiwandani Södertälje. Alisimama mlangoni na koti lake mwilini. Mama yake akisema Kiswahili, yeye hujibu Kiswidi.

"Mamma, det är bara ett hus." Ni nyumba tu, mama.

Mama hakupandisha sauti. "Amani, baba yako hana kaburi. Tulikimbia, hatukumuzika. Kila mutu mwenye kuenda Bukavu, nilimutuma aguse ule ukuta na mukono, anisalimie baba yako. Sasa nitamutuma wapi?"

Machozi yalinitoka, mimi mjuaji, na sikuyafuta.

Amani akavua koti. Akabeba viti kimoja kimoja hadi roshani, ili watu wakae chini kama inavyotakiwa matangani. Kisha akapiga simu kazini. Nikamsikia akimwambia msimamizi wake kwa Kiswidi kwamba Jumatatu hatakuja.

"Baba yangu amefariki," alisema.

Mwanangu, ukiitwa kilioni usianze kupima kama kinacholiliwa kinastahili. Kaa chini kwanza, maelezo utayapata ukiwa umeshakaa. Na kama mzazi wako yu hai, muulize leo mikono yake ilijenga nini, wapi, na akina nani walimsaidia kubeba mawe. Muulize kwa lugha yake, hata kama utababaika. Usingoje simu ya kukwambia kwamba kimebomolewa.

Mungu akuzidishie umri, mwanangu, na siku utakapolia wewe, nyumba yako ijae watu.