Uvundo wa Fundi

Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Kigoma, na kwetu nguo ikianikwa saa nne asubuhi, saa sita imekauka na inanukia jua. Kijijini Karuba nilifika kwa kumfuata mke wangu. Yeye ni mwalimu, alikuwa amepata kazi kwenye shule ya kwao, nami nikabeba cherehani nikapanda naye mpaka kwenye vilima vya Masisi, huko Kongo. Kaka yangu alinicheka stendi mbele ya watu. Alisema mwanamume anayehamia ukweni hamalizi mwaka, atarudi kwa nauli ya kuomba. Nikaapa kwamba Kigoma nitarudi kusalimia tu, nikiwa fundi mwenye jina huko nilikokwenda.

Jambo la kwanza lililonichefua Karuba ni harufu ya watu. Nasema kama lilivyo. Kila mtu alinuka moshi: mzee, mtoto, katekista, hata bibi harusi. Mvua inashuka mchana karibu kila siku, asubuhi ni ukungu, kwa hiyo watu wakifua wanatundika nguo jikoni, juu ya moto, pembeni ya mahindi ya mbegu, na chini yake maharagwe yanachemka. Nguo inatoka kavu, sikatai, lakini inanuka kama samaki wa kubanika. Niliwatazama kwa dharau, wala sikujisumbua kuificha.

Mama mkwe wangu alituma salamu kwamba nimpe nguo zangu, jikoni kwake kuna nafasi. Mkwe haingii jiko la mama mkwe wake, wala hawatazamani usoni, basi salamu zilipitia kwa binti yake. Nilijibu kwa sauti kubwa ili asikie huko huko ndani. Nilisema mimi natoka nchi ya dagaa, na hata dagaa wetu tunawaanika juani, sembuse shati langu.

Nikafanya mambo yangu kistaarabu. Nilifunga kamba ndani ya chumba cha kazi, chini ya bati, kutoka dirishani hadi mlangoni. Nilinunua sabuni ya unga yenye harufu ya maua, iliyoletwa kwa pikipiki kutoka Goma siku ambazo barabara ya Mubambiro inapitika. Shati lilikaa kwenye kamba siku tatu, nne. Siku ya nne kola na makwapa bado ni baridi, na kuna uvundo kidogo. Basi nikaongeza sabuni. Uvundo ulipozidi nikaongeza tena, na juu yake nikanyunyiza manukato. Siku nyingine niliacha kusuuza vizuri, makusudi, ili yale maua yabaki kwenye nguo. Baada ya wiki chache sikuusikia uvundo tena, nikajipongeza. Niliamini kwamba kijiji kizima kina mtu mmoja tu msafi, na ndiye mimi.

Ushahidi niliuona kanisani. Wanaume tunakaa upande wetu na wanawake wao, na watu wanabanana kwenye mabenchi, goti kwa goti, lakini kwenye benchi langu kulikuwa na nafasi kulia na kushoto. Wa kulia aliacha nafasi ya mtu mzima, na wa kushoto vivyo hivyo, hata siku za sikukuu wengine wakiwa wamesimama mlangoni. Nikaelewa kwamba wanamheshimu fundi aliyetoka nje. Nikawa naweka kofia upande huu na kitabu cha nyimbo upande ule. Niliwahurumia, lakini ile huruma ya kubenua mdomo.

Kisha kina mama wa kwaya wakaniletea kazi ya sare, magauni ishirini ya kitenge kwa sikukuu ya mavuno. Hii ndiyo kazi niliyokuwa naisubiri. Fundi wao wa zamani alikuwa amehamia Kalembe, kule mpakani na Walikale. Kwaya ikisimama mbele ya kanisa zima na mshono wangu, basi mimi ndiye fundi wa Karuba, na kaka yangu afunge mdomo. Nilishona wiki tatu. Na kwa kuwa mimi sikabidhi nguo bila kuifua itoke wanga wa dukani, nikayafua yote ishirini kwa sabuni ya kutosha, nikayabananisha kwenye kamba zangu. Mvua ikanyesha wiki nzima. Siku ya kukabidhi nikayapiga pasi ya makaa hivyo hivyo na unyevu wake.

Kiongozi wao alilishika gauni lake, akaliinua hadi usoni, akalishusha polepole. Akasema mshono ni mzuri. Wenzake wakatazamana. Moyoni nikawasonya. Watu wa moshi hawa, watajulia wapi harufu ya usafi?

Jumapili kwaya ikaingia. Magauni yamekaa mabegani sawasawa, pindo zote ziko mstari mmoja, na sioni aibu kusema kwamba machozi yalinilengalenga. Wakapita kando ya benchi langu. Moshi! Kila gauni nililolifua kwa maua yangu lilikuwa limekwenda kutundikwa jikoni. Nilishikwa na hasira hata sijui waliimba nini.

Nyumbani nikamwaga yote kwa mke wangu. Nikasema watu wake hawana shukrani, wameniharibia kazi, na afadhali kanisani angalau wananiheshimu, wananiachia nafasi. Yeye alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Haiko heshima," akasema. "Bantu banakimbia arufu yako."

"Tangu lini?"

"Tangu ulifika."

Halafu akanieleza lililobaki. Kina mama walitaka kunirudishia magauni na kutafuta fundi wa mjini Sake. Mama yake ndiye aliyewazuia. Aliyachukua yote ishirini, akayasuuza upya kijitoni mpaka povu likaisha, akayatundika juu ya moto wake siku mbili. Nikamuuliza mke wangu kwa nini hakuniambia mapema. Akasema aliniambia mara tatu, na mara zote tatu nilimjibu habari za dagaa.

Uso ulinishuka. Nilivuta kola ya shati nililovaa, nikainusa. Lilikuwa tambara la kudekia lililopakwa manukato. Nikaikumbuka kofia yangu upande huu wa benchi na kitabu upande ule, miezi yote ile, na nilitamani ardhi inimeze.

Kesho yake nikajaza nguo zangu kwenye ndoo, nikaenda kusimama hatua chache kutoka mlango wa jiko la mama mkwe, nimegeuza uso pembeni kama inavyotakiwa. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, marefu, ya mtu aliyesoma. Kabla sijaanza, mkono ukatoka mlangoni ukachukua ndoo. Nikageuka kuondoka.

"Leta na ile unavala," akasema kutoka ndani.

Nikavua shati pale pale, mkwe mzima, nikaliweka kizingitini na kurudi nyumbani kifua wazi, majirani wakinitazama.

Moshi sijaupenda, na sitajifanya. Shati langu jeupe limegeuka rangi ya chai ya maziwa, nami nilikwenda nalo kanisani Jumapili iliyofuata nimekunja uso. Nikakaa, nikaweka kofia upande huu na kitabu upande ule kwa mazoea. Akaja mzee mmoja mfugaji, ananuka siagi na zizi. Akasimama mbele yangu, akavuta pumzi kidogo kwa pua, kisha akaiokota kofia yangu na kuniwekea magotini.

"Sogea kidogo, kaka," akasema. "Hii benchi haiko ya muntu moja."

Nikasogea. Upande wa pili naye akaja mwingine, tukabanana hata kitabu cha nyimbo sikuweza kukifungua.