Mkanyaga Breki wa Mtaa wa Orchard

Lorraine Hudak hakuwahi kufungua nati ya gurudumu maishani mwake, lakini hakuna breki iliyowahi kufungwa nyumbani kwake bila mguu wake wa kulia. Mtaa wa Orchard umebandikwa kwenye kilima kikali kinachoshuka mpaka mto Monongahela, na juu ya kilima kama kile breki si pambo. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji hula chuma kama mchwa alavyo mlango. Kwa hiyo kila mwaka baridi ikishapungua, wanaume wa mtaa huinua magari kwa jeki kwenye mabanda yao, na wake zao huitwa nje, wengine wakiwa na unga mikononi, waje wakae nyuma ya usukani na kukanyaga.

Kazi yenyewe inataka watu wawili. Mmoja anakanyaga pedali. Mwingine amelala chini kwenye gurudumu, anafungua skurubu ndogo, mafuta machafu ya breki yanatoka na hewa yake, kisha anaifunga. Yule wa kwenye pedali haruhusiwi kuachia mpaka aambiwe, maana akiachia mapema hewa inarudi ndani na kazi inaanza upya. Kanyaga, shikilia, achia. Ndoa nyingi za mtaa ule zimepimwa kwa maneno hayo kuliko kwa kiapo cha kanisani. Kuna mama mmoja wa nyumba ya juu aliyeachia makusudi baada ya kutukanwa, akarudi kwao Ohio na gari likiwa bado halina magurudumu.

Hata Lorraine na Emil, ugomvi wao wa kwanza ulikuwa wa breki. Bibi harusi bado mpya, bwana akampigia kelele kutoka mvunguni, naye akashuka garini akaenda zake kwa mama yake. Emil akamfuata jioni, mikono imejaa grisi. Hakuomba radhi, kwa sababu Emil hakujaliwa ufundi huo. Alisema tu kwamba gari liko juu na yeye hana mtu. Lorraine alicheka mpaka akashika ukuta, akarudi. Tangu siku ile, alipoambiwa shikilia alishikilia, hata simu ilie, hata chungu kiungue jikoni.

Magari yalikuja na kupita, mpaka ikaja Korveti nyekundu, gari la mbio la viti viwili. Emil aliinunua ikiwa imechoka, baada ya kiwanda cha chuma kufungwa na yeye kupata kazi ya kutengeneza mabasi ya shule. Mtaa mzima ulisema amerukwa na akili. Akaifufua kipande kwa kipande, na jioni za Jumapili alimpakia Lorraine wakaenda kula aiskrimu ng'ambo ya mto. Lakini usukani hakumpa hata siku moja. "Klachi yake ina kichaa," alikuwa akisema, na mazungumzo yanaishia hapo.

Sasa kichwa cha Emil kilikuwa kimeanza kumtoroka. Daktari alikuwa na jina refu la ugonjwa ule, wao nyumbani waliuita ukungu. Ukungu ulikuja na kuondoka. Siku moja alipotea akitoka kanisani, njia aliyoipita tangu alipobatizwa. Siku nyingine alimwita binti yao, Denise, kwa jina la dada yake aliyefariki. Denise akasema lililokuwa mioyoni mwa wote, "Baba, uza gari kabla hujajiua nalo."

Ilikuwa Pasaka, nyama ya nguruwe na soseji zimejaa mezani. Emil aliweka uma chini. "Nikibadilisha diski na pedi za magurudumu yote manne kwa mikono yangu, gari linabaki na ninaliendesha. Nikishindwa, lete mnunuzi." Denise alimtazama mama yake, na mama yake akainamia viazi. Masikini Lorraine alikuwa na hofu mbili. Aliogopa kile kilima na mtu anayeweza kusahau pedali ipi ni ipi. Na aliogopa Emil asiye na gari, akikaa dirishani kutwa kama mtu anayengoja basi lililofutwa.

Jumamosi iliyofuata gari lilikuwa juu ya stendi nne na magurudumu yameegemezwa ukutani. Jirani yao, Chuck Dolan, akaja na kiti chake cha kukunja na bia za wote, maana mkono mtupu haulambwi. Desturi ya pale ni kwamba jirani huja kutazama na kukosoa. Kusaidia hasaidii mpaka aombwe, na hakuna anayeomba.

Diski ya kwanza iligoma. Kutu ilikuwa imeigandisha kwenye kitovu cha gurudumu. Emil akaipiga nyundo, ikaendelea kukaa.

"Mzee, hiyo diski umeioa?" Chuck akauliza.

"Ningekuwa nimeioa ingekuwa imeshanijibu," Emil akasema. "Muulize huyo aliyesimama hapo."

"Mimi simo," Lorraine akasema. "Pigeni chuma chenu."

Pigo lililofuata likakosea. Nyundo ikateleza, na kidole cha Emil kikachanika. Chuck aliinuka kidogo kitini. Lorraine akamtazama jicho moja tu, naye Chuck akaketi tena. Emil akafunga kitambaa kidoleni, akapiga tena, huku na huku, akizungusha diski baada ya kila pigo, na mwishowe ikaachia. Lorraine alishangilia moyoni, kisha akajikumbusha kwamba hakuwa na uhakika kama anapaswa kufurahi.

Baada ya hapo mikono ya Emil ilikumbuka yenyewe. Ilisugua vitovu kwa brashi ya waya, ikapangusa mafuta ya kiwandani kwenye diski mpya, ikarudisha pistoni ndani kwa jiliwa, kile kibano cha mkono, ikachomeka pedi na kukaza bolti. Chuck alitafuta kosa akalikosa, akabaki kukosoa hali ya hewa. Emil alianza hata kuimba. Yalibaki mafuta ya breki, ambayo yalikuwa yamegeuka rangi ya kahawa kwa uzee, na yeye hakuwahi kufunga pedi mpya akaacha mafuta ya zamani.

"Mama Denise, ingia," akasema.

Lorraine akaingia taratibu ili asilitikise gari. Walianza nyuma kulia, wakaenda nyuma kushoto. Kanyaga, shikilia, achia. Sauti ya Emil kutoka chini ilikuwa ileile ya siku zote, ya mtu anayewaamrisha ng'ombe. Wakaja mbele kulia.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

Pedali ikazama mpaka sakafuni. Lorraine akashikilia, akingoja aambiwe aachie. Akasikia spana ikiwekwa chini, kisha viatu vya Emil vikivuka banda, kisha mlango wa jikoni. Akadhani amefuata kitambaa. Bomba la maji likafunguliwa, likafungwa. Redio ikawashwa, kikaanza kipindi cha muziki wa polka cha Jumamosi, na Emil akawa anapiga mluzi kufuata wimbo. Hapo Lorraine akaelewa.

Chuck naye alikuwa ameelewa. Alivua kofia yake bila sababu.

"Shemeji," akasema polepole, "niifunge hiyo skurubu?"

"Usiguse."

"Mguu unakutetemeka, nauona kutoka hapa."

"Chuck, usiguse. Ni kazi yake. Atarudi."

Angeweza kuachia. Hilo lilimjia kichwani waziwazi, wala hakulifukuza. Akiachia, hewa itaingia, pedali itakuwa laini kama mkate uliolowa, na Emil aliyechoka hataweza kuanza upya. Mnunuzi ataitwa na Denise atalala usingizi. Angesema mguu ulishikwa na ganzi, na nani angemlaumu mwanamke wa umri wake? Alikuwa na haki ya kuchoka. Alikuwa na haki hata ya kuogopa kile kilima. Lakini ikiwa Emil atashindwa, ashindwe mwenyewe, asishindwe kwa hila ya mtu aliyemwamini miaka yote kwa sauti tu, bila kumwona. Akaushika usukani kwa mikono miwili, akaukaza mguu.

Emil alirudi na vikombe viwili vya kahawa, kimoja chake na kimoja cha Chuck. Akamwona mkewe garini.

"Lorraine, unafanya nini humo? Gari liko juu ya stendi, mama, utaliangusha."

"Nimekanyaga," Lorraine akasema. "Umesema nishikilie."

Emil akautazama mguu wa mkewe. Akautazama mrija mwembamba wa mpira uliotoka kwenye skurubu na kuingia kwenye chupa ya mafuta, na spana iliyolala chini. Kahawa ikaanza kumwagika kwenye viatu vyake. Vitu vilimrudia usoni kimoja baada ya kingine, na Lorraine aliona kwamba kurudi kwa akili kulikuwa na maumivu kuliko kupotea kwake. Alitamani kumfunika uso. Emil akaweka vikombe sakafuni, akapiga magoti, akafunga skurubu.

"Achia," akasema kwa sauti ndogo.

Lorraine ilibidi auinue mguu kwa mikono, ulikuwa umekufa ganzi.

"Muda gani?" Emil akauliza.

"Si mwingi."

"Nimekuuliza wewe, Chuck. Muda gani?"

Chuck akaitazama bia yake. "Wimbo mzima, mzee. Na kipande."

Emil alikaa palepale chini, mgongo kwenye gari lake. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na walisema kweli, lakini hawakumkataza mhunzi kulia kwanza. Alilia bila sauti, kidole chake kilichofungwa kitambaa kikiwa juu ya goti. Chuck akakunja kiti chake, akasema mkewe anamwita, ingawa mke wa Chuck alikuwa Florida kwa dada yake, akaondoka. Lorraine akaja kuketi kando ya mumewe kwenye saruji baridi.

"Ingekuwa pale kilimani," Emil akasema, asimalize.

"Limebaki gurudumu moja," Lorraine akasema.

"Limalizie wewe."

"Mimi sijui kufungua chochote."

"Umekaa humo ukinisikia nikitukana tangu tuoane. Unajua kila kitu." Akamwekea spana mkononi, akaingia garini taratibu na kuketi.

Kwa hiyo gurudumu la mwisho, la mbele kushoto, Lorraine ndiye aliyelala chini. Mafuta yalimwingia kwenye mkono wa sweta. Mara ya kwanza alifungua kupita kiasi, mara ya pili akapatia. Alipaza sauti kuliko ilivyohitajika, akajisikia, akaona aibu.

"Shikilia!"

"Nimeshikilia, mama, huna haja ya kuniua," Emil akajibu kutoka juu, na hakuachia mpaka alipoambiwa.

Wakarudisha magurudumu pamoja, Lorraine akikaza nati, Emil akimwonyesha azikaze kwa kupishana ili gurudumu likae sawa. Wakalishusha gari. Emil akamkumbusha kwamba mtu akishafunga pedi mpya ni lazima aipampu pedali kwanza, aikanyagekanyage mpaka iwe ngumu, la sivyo atatoka bandani na kuingia moja kwa moja sebuleni kwa jirani. Hilo lilikuwa limemtokea mtu wa mtaa ule, na Emil alimtaja kwa jina lake kamili, na jina la mbwa wa mwenye sebule.

Kisha akasimama kwenye mlango wa dereva, funguo mkononi. Alisimama sana. Emil akazunguka mbele ya gari, akampa funguo alipokuwa akimpita, akafungua mlango wa abiria na kuketi.

"Ile klachi," akaanza.

"Emil, nimeendesha lori la mikate la baba yangu kwenye kilima hiki kabla hujanijua."

"Najua. Nilikuwa nakuona."

Lorraine akamgeukia. "Ulikuwa unaniona? Halafu ukaninyima gari miaka yote hii?"

"Ulikuwa unaenda kasi," Emil akasema, akafunga mkanda.

Walishuka mpaka barabara tambarare ya kando ya mto. Pedi mpya hazina adabu mpaka zifundishwe, kwa hiyo Lorraine alikwenda mbio kisha akabana breki, akakwenda mbio tena akabana tena, harufu ya kuungua ikajaa garini na Emil akasema hiyo ndiyo harufu yake, endelea. Gari lilikwenda vizuri. Lorraine alifurahi kuliendesha, furaha ya kitoto, na alijionea aibu kwa furaha ile kwa sababu alijua imetoka mfukoni mwa nani.

Denise alipiga simu wakiandaa chakula cha jioni. Emil akawahi kuishika kabla ya mkewe.

"Ndiyo, zimefungwa zote," Lorraine akamsikia akisema. "La. Sikuweza."

Lorraine alikuwa kwenye jiko, mgongo kwake. Hakuwahi kulisikia neno lile kinywani mwa Emil, si kiwanda kilipofungwa, si walipomzika mama yake.

"Nilimsahau mama yako, mguu ukiwa kwenye breki. Nilikwenda kutengeneza kahawa. Usilie, Denise. Sikiliza, mimi siendeshi tena, hilo nimelimaliza mwenyewe, hukunilazimisha. Lakini la kuuza, gari sasa si langu. Muulize mwenyewe."

Akamnyooshea Lorraine simu. Lorraine akaipokea kwa mkono ulionuka mafuta ya breki. Denise upande wa pili alikuwa akisema mama, mama, mnafanyaje, mnaliuza au hamliuzi?

"Haliuzwi," Lorraine akasema. "Jumapili nampeleka baba yako kula aiskrimu."

Akakata simu, akauegemea ukuta wa jikoni na kulia, kwa sababu breki zile ndizo za mwisho Emil kuzifunga, na yeye Lorraine ndiye atakayezifunga zinazofuata.