Siku Niliyompakia Mama Kwenye Keria

Joto la Julai likianza Doha, wenye uwezo wanakimbia, nami nilikimbizwa pamoja nao. Nilikuwa nafanya kazi za ndani kule Umm Salal, kwa kafili mmoja, yaani tajiri aliyenidhamini kuingia nchini, mwenye watoto na mama mzee, na kila kiangazi familia nzima ilihamia Uingereza. Kazi yangu huko ilikuwa moja tu: kukaa hotelini na yule mama yake, ambaye nami nilimwita Mama. Magoti yalikuwa yamemgomea, na kiti cha magurudumu hakutaka hata kukisikia. "Hicho ni cha wagonjwa," alisema. Basi wenzetu wanatoka asubuhi, jioni wanarudi na picha kwenye simu, sisi kutwa tumetazama njiwa dirishani.

Mwaka ule tulifikia York, mji wa kale kweli kweli, umezungushiwa ukuta wa mawe, mto unapita katikati, na una vichochoro ambavyo gari haliingii. Chini ya dirisha letu watu walipita na baiskeli, wanawake kwa wanaume, kama Tanga vile! Mimi mtoto wa Tanga, bwana. Kwetu mwanamke anavaa baibui lake, anapanda baiskeli, anampakia mama yake nyuma anampeleka arusini, na hakuna anayegeuza shingo. Doha miaka yote ile sikuwa nimegusa hata kengele. Nikamsimulia Mama kwa Kiarabu changu cha jikoni.

Akanikazia macho. "Anampakia nyuma? Mtu mzima?"

"Mzima na mzigo wake, mama yangu."

"Basi nipeleke nikalione hilo kanisa wanalolipiga picha kila siku. Mwakani sijui kama nitapanda ndege tena."

Weee! Furaha na woga vilinijia pamoja. Nilijua vizuri kwamba akianguka, mimi siku hiyo hiyo nakatiwa tiketi ya kurudi nyumbani, na kazi ndiyo basi. Lakini alikuwa ameshainama chini ya kitanda anatafuta viatu. Ungemwambia nini?

Nilikodi baiskeli nyeusi yenye keria pana, nikafunga juu yake mto wa hoteli kwa mtandio wangu. Mama akakaa upande upande. Nikalikunja abaya lake nikamfumbatisha mapajani, lisije likaliwa na mnyororo, nikamwambia anishike kiuno. Alinishika kwa kucha. Yalla! Baiskeli ikayumba, tukaikosakosa nguzo, Mama akasoma kila dua anayoijua, kisha ikanyooka. Jamani, raha ile! Upepo usoni, miguu inakumbuka yenyewe.

"Kulia! Kulia!" Mama akanipiga mgongoni. "Unatuua!"

Kumbe mwenzangu macho yake ni ya Doha, huko magari yote hupita kulia. Mimi nimeshika kushoto kama kwetu, na kama wao.

"Tulia, Mama, hapa niachie mimi."

Alipoona kila mtu yuko kushoto akaacha kunipiga, ila hakuacha kunitilia shaka. Tukaingia kichochoro ambacho nyumba zake zimeinamiana mpaka ghorofa za juu zinakaribia kugusana. Nikashuka nikamsukuma, kwa sababu njia yenyewe imetandikwa mawe. Mama akanyoosha mkono agonge ukuta. Anacheka! Sikuwahi kumsikia akicheka vile. "Simama! Haya twende! Simama kwanza!" Kanisa likatokeza ghafla mbele yetu, kubwa, la rangi ya biskuti, ukitazama juu shingo inauma. Mama akalitazama mpaka kileleni.

"Wamelijenga kwa mikono?"

"Kwa mikono, Mama."

"Mashallah. Sasa nipeleke mtoni."

Nikapanda tena, na hatukufika mbali, askari akatusimamisha. Kumbe kule baiskeli moja ni mtu mmoja! Ya Tanga niliyaleta Uingereza bila kuuliza. Alinieleza kwa upole, mimi naitikia tu, watalii wamejaa wanacheka, na katikati ya watalii hao namwona kafili wangu na watoto, aiskrimu mkononi.

Hakunitazama hata kidogo. "Mama, shuka."

"Sishuki. Sijauona mto."

"Watu wanatutazama."

"Waache."

"Ulitaka kutoka? Miaka yote hii si ungesema?"

"Wewe ulikuwa unaniuliza kama nimekula, basi," Mama akamwambia.

Kafili akasimama pale, aiskrimu inamchuruzika vidoleni. Mwishowe akampa mtoto aishike, akafuta mkono kwenye suruali, akamuuliza askari kama tunaweza kusukuma. Tunaweza. Akashika usukani, nami akaniambia nimshikilie Mama nyuma. Tukamsukuma hivyo mpaka mtoni. Njia nzima Mama aliuliza jengo hili la nani, na lile la nani, na mwanawe, asiyejua hata moja, akamjibu yote.