Mkono wa Fundi wa Leza

Jumanne, tarehe 14 Machi. Manyunyu tangu alfajiri. Fundi wa leza hapa kliniki ana desturi moja: kabla ya kumwondolea mteja nywele, hujipiga mwanga mara moja kwenye mkono wake mwenyewe, husubiri kidogo, kisha husema kwa sauti ya kubembeleza, "Mbona hauumi, mdogo wangu." Ngozi yake ni maji ya kunde. Siku hiyo alikuja mwanamke mweusi tii, aliyechoka kunyoa ndevu kila siku kabla mumewe hajaamka.

"Dada, hutaniunguza?"

"Nimeshajipima. Au unataka nijipige usoni kabisa?"

Wakacheka wote wawili. Lakini mwanga ule hufuata weusi, uwe wa unywele au wa ngozi. Kwa mpigo wa tatu mwanamke akapiga ukelele. Kidevu kikafura malengelenge. Fundi akabaki anautazama mkono wake, mzima, hauna hata alama.

Kesho yake asubuhi alimpigia simu. Akapokea mume.

"Mke wangu kajifungia chumbani tangu jana, hataki nimwone uso. Wewe nani?"

Fundi akakata simu, akamwita mteja wa kwanza.