Siku Nilipoyaacha Makumbusho Matupu

Makumbusho yetu sisi wahamiaji yalianzia chini ya kitanda changu, mtaani Hai Jalaba. Nilikuja Juba kutoka Kenya kufundisha, nikimfuata shangazi yangu aliyekuwa dobi. Nilipomzika nikabaki na pasi yake ya makaa, nikashindwa kuitupa. Nikaanza kuwauliza wenzangu wamehifadhi nini cha siku zao za kwanza hapa. Dereva mstaafu wa mtaa wa Sherikat akanipa honi ya lori lake. Mama mmoja Mganda, muuza nguo pale soko la Custom, akanipa leso aliyombebea mwanawe wakivuka mpaka. Mtoto huyo hakujaliwa kukua. Kila hadithi niliiandika kwa mkono, na mwenye kitu akatia sahihi katika daftari langu.

Chama chetu cha wahamiaji kilipopata chumba, mwenyekiti aliniomba nipeleke vyote. Nikapeleka, nikafuta vumbi, nikapanga, kila kitu na karatasi ya hadithi yake.

Siku ya ufunguzi nikakuta karatasi zangu zimetolewa. Bango kubwa lilieleza historia ya makumbusho: mwanzilishi ni mwenyekiti. Chini ya ile leso waliandika tu, "Vazi la kitamaduni." Nilipomuuliza mwenyekiti, alicheka mbele ya wageni.

"Mwalimu, wewe tunakushukuru kwa usafi."

Kwa wiki mbili, kila nikitoka darasani nilipanda boda na daftari langu, nyumba hadi nyumba, nikiwasomea wenye vitu yaliyoandikwa chini ya vitu vyao kule chamani. Sikuongeza chumvi, haikuhitajika.

Kisha mwenyekiti akaalika wafadhili. Tukafika sote, mimi na wenye vitu. Mama Mganda alitangulia.

"Mzee, mimi iko hapa kuchukua kitu yangu."

"Mama, hii sasa ni mali ya chama."

"Mtoto yangu si mali ya chama." Akaikunja leso, akaiweka kifuani, akatoka.

Dereva akabeba honi yake. Wengine wakafuata, kila mmoja na chake. Mwenyekiti akanisogelea, jasho likimtiririka.

"Mwalimu, tafadhali, tuongee kando."

"Tuongee hapa hapa," nikasema kwa sauti. "Waeleze wageni hiyo pasi ilikuwa ya nani."

Hakujua. Hakujua hadithi hata moja. Nikaichukua pasi ya shangazi, nikamwacha amesimama kati ya rafu tupu na bango lake. Nilifurahi, tena sana. Mchungaji amenisihi nitubu; nimejaribu, toba haiji.

Siku hizi vitu vinakaa katika chumba kimoja shuleni kwetu, na karatasi zangu ziko mahali pake. Mwezi uliopita mwenyekiti alikuja mwenyewe, ameshika redio ya marehemu baba yake, fundi aliyefika hapa kabla yetu wote. Nilimpa kiti, nikamsikiliza mpaka mwisho. Habari za baba yake nimeziandika vizuri, kwa heshima zote. Kwenye mstari wa aliyeileta redio, nimeandika: "Hajulikani."