Kanopi Nyeupe ya Njia ya Namawala

Sijawahi kuwa mtu wa kutulia. Mke wangu husema hata nikila, nakula kama mtu aliyeacha gari linaunguruma nje, na katika miaka ile ya tisini alikuwa hakosei, maana mara nyingi gari lilikuwa linaunguruma nje kweli. Nilikuwa na pikapu ya dizeli, kuukuu, iliyowatumikia wengine mpaka ikachoka ndipo ikaja kwangu. Niliiendesha kati ya Ifakara na Namawala. Kwenda nilipeleka sukari, chumvi na sabuni za madukani, kurudi nilibeba mpunga na watu. Watu walikaa juu ya magunia, wengine wakasimama wameshika bomba la nyuma ya kichwa cha gari, na aliyetaka kushuka aligonga bodi mara mbili nami nikasimama. Hatukuwa na kondakta wala kengele.

Kilichonikosesha raha ni mafuta. Geji ilikuwa imekufa, kwa hiyo nilipima tangi kwa waya: nautumbukiza, nautoa, naangalia umelowa mpaka wapi. Nilipima kabla ya kuwasha, nikapima nikifika Namawala, nikapima nikirudi. Siku nyingine nilipima gari likiwa halijasogea hata kidogo tangu nilipolipima, ilimradi tu mikono ipate kazi. Wakati wa masika dizeli ilikuwa ya kubahatisha pale Ifakara. Barabara ya kuja kwetu ikikatika, tulinunua kwa madumu, tena hujui humo ndani kuna dizeli na nini kingine. Nilikuwa nalala nikiwaza tangi, naamka nikiwaza tangi.

Ndipo nikakutana na dereva mmoja wa lori aliyekuwa amekwama mjini akisubiri spea. Yule bwana alikuwa na maneno. Aliniambia kinachokula mafuta yangu ni upepo. Unapita juu ya kichwa cha gari, alisema, unaangukia nyuma kwenye bodi iliyo wazi, unasukuma mlango wa nyuma, gari linakuwa kama mtu anayeburuta ndoo mtoni huku mdomo wa ndoo unatazama mkondo. Dawa yake ni kufunika. Weka kanopi, upepo uteleze juu uende zake. Mtu asiyetulia hupenda sana ushauri unaoweza kutekelezwa kesho yake asubuhi, na mimi sikusubiri hata hiyo kesho. Jioni ile ile nilikuwa kwa fundi wa kuchomelea.

Fundi alinitengenezea fremu ya mabomba, akaivalisha mabati bapa juu na ubavuni, akaacha vidirisha viwili vya plastiki ngumu na mlango wa nyuma wenye komeo la nje. Rangi iliyokuwa imebaki kwake ni nyeupe, basi ikapakwa nyeupe. Wanaume wanne waliinyanyua kuiweka juu ya gari, wakihema. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na unga mikononi, akauliza kama mzigo unaowatoa jasho wanaume wanne injini itaubeba bure. Nikamwambia yeye hajui habari za upepo. Akasema ni kweli, yeye anajua habari za mizigo tu, akarudi jikoni.

Lakini waya ulinipa haki. Wiki za mwanzo nilirudi kutoka Namawala, nautoa kwenye tangi, na umelowa juu kuliko ulivyowahi kulowa. Nilimwonyesha mke wangu. Nilimwonyesha fundi, nikawaonyesha hata watu niliowakuta madukani wakinunua kiberiti, ambao hawakuwa na gari na hawakutarajia kuwa nalo. Nilikuwa na furaha ya kitoto. Nilizunguka mji mzima nikihubiri upepo.

Sikutaka kuona kitu kingine kilichokuwa kinatokea. Pale Namawala, akina mama waliozoea kugombania nafasi juu ya magunia yangu walinisalimia vizuri tu, wakabaki wamekaa. Mmoja anangoja trekta, mwingine ameahirisha safari, na wa tatu mguu wake umekufa ganzi ghafla. Wachache waliopanda walijuta. Mabati yalikuwa yakipiga kelele njia nzima na ukuta wa kanopi ulikuwa umeziba kioo cha nyuma, kwa hiyo sikuona wala kusikia chochote. Mama mmoja aligonga bodi nyumbani kwake, akagonga shambani kwake, akagonga mpaka tulipofika kijiji kinachofuata. Alipofunguliwa alitoka ameloa jasho, akanipa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, akarudi kwa miguu na ndoo yake kichwani.

Nilimsimulia mke wangu kama kichekesho. Hakucheka. Alikuwa anapepeta mchele, akaendelea kupepeta.

“Gari lako halijapunguza kula,” akasema. “Limepunguza kazi.”

Nilikasirika, nikatoka nje, nikaenda kupima tangi. Leo najua alikuwa sahihi. Ule upepo wa dereva wa lori ni upepo wa barabara ya lami, gari linapokimbia. Kwenye njia yetu ya mashimo na madimbwi, nguruwe pori angenipita, tena akapata nafasi ya kugeuka kuniangalia. Waya ulilowa juu kwa sababu nilikuwa narudi na magunia machache na mbavu za gari tupu, bila kusimama mahali, na hata uzito wa lile bati haukuweza kufikia uzito wa watu niliowapoteza. Kwa nini hawapandi, hilo sikujiuliza. Nilidhani ni joto.

Aliyenihangaisha ni mama yangu. Alikuwa anaishi Namawala peke yake, kwenye nyumba aliyoiacha baba, na alikuwa na kidonda kwenye muundi wa mguu kilichogoma kupona. Kila wiki ilibidi aje Ifakara kusafishwa na kufungwa upya, na waliomfunga walimwambia bila kumficha kwamba akikiacha kitaingia mfupani na mguu utakatwa. Kusafiri kwake kulikuwa kwa namna moja tu: nyuma, juu ya gunia, ameegemea kioo, mimi naona kitenge chake kwenye kioo cha juu kila nikiinua macho. Mbele hawezi. Joto la injini na harufu ya dizeli humtapisha kabla hatujamaliza nyumba za kijiji.

Tangu kanopi ifungwe, akawa mtu wa udhuru. Wiki hii kuna palizi. Wiki ijayo kuna sala za jumuiya nyumbani kwake, ataondokaje. Halafu kidonda kimekauka, akasema, huku ameishusha khanga mpaka chini nisione. Nilimlazimisha kukaa mbele mara moja, akajitahidi, tukasimama mara mbili atapike, na mara ya tatu akashuka akarudi kwake. Nilimwambia nyuma sasa ni pazuri, hakuna vumbi, hakuna mvua, nimemwekea na godoro. Akanishukuru, na hakupanda. Nilianza kumwogopea, na mimi nikiogopa huwa mkali, basi tukawa tunaachana kila mmoja amenuna.

Asubuhi moja nilifika nikakuta mlango wake umefungwa. Jirani akaniambia mama ametoka kwa miguu tangu alfajiri, anakwenda Ifakara, eti atapata lifti ya baiskeli mbele ya safari. Alipita njia ya mashambani. Sikushusha hata sukari ya watu. Niligeuza gari pale pale, na njia nzima nilikuwa nauona ule mguu.

Nilimkuta amerudi barabarani, amekaa kando ya shamba la mpunga, amevua kandambili, mguu ameunyoosha. Bandeji ilikuwa imelowa na nzi walikuwa wamekuja. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kana kwamba tumekutana kanisani. Nikamwambia apande twende.

Aliliangalia gari, akaniangalia mimi.

“Humo siingii, mwanangu.”

Nikauliza kuna nini humo. Akasema hakuna kitu, ila haingii, na kama ni kutambaa atatambaa. Hapo nilipaza sauti. Nililitukana lile gari, nikamtukana dereva wa lori, nikamtukana fundi na rangi yake, na aliyekuwa anasikiliza yote hayo ni mama peke yake, ametulia, anafukuza nzi. Kisha nikachukua spana.

Nati zilikuwa zimeshika kutu kwa mvua za mwaka ule. Nilichubuka vidole vyote. Vijana waliokuwa wanavuna karibu walikuja kunisaidia, tukainyanyua kanopi na kuiweka pembeni ya shamba, na mmoja wao akaingia ndani yake hapo hapo akajilaza kwenye kivuli, akasema amepata nyumba. Nikawaachia. Mpaka miaka kadhaa baadaye wanaowinga ndege wasile mpunga walikuwa wanajikinga humo na mvua.

Ajabu ni watu. Bodi ilipokuwa wazi tu, walitokea sijui wapi: akina mama na magunia yao, mzee na baiskeli yake, mtu na kuku wawili. Wengine nilikuwa nimewapita asubuhi ile ile, na walikuwa wameinamisha vichwa. Mama walimpandisha wao, wakamkalisha juu ya gunia mahali pake pa siku zote, na mwanamke mmoja akamwekea mguu juu ya kiroba. Tukaondoka tumejaa. Walikuwa wanazungumza kwa sauti, na kila baada ya kitambo bodi inagongwa, nasimama, mtu anashuka, wawili wanapanda. Injini ilikuwa inalia. Nami nilikuwa nimetia dizeli ya kanopi, dizeli ya gari tupu linalorudi bila kusimama.

Tuliishiwa tukiwa karibu na mji, mabati ya Ifakara yanaonekana. Gari lilikohoa, likanyamaza. Abiria hawakuudhika; walishusha mizigo yao wakamalizia kwa miguu, wakanishukuru kabisa. Mzee wa baiskeli akaenda na dumu langu kutafuta dizeli. Mama hakuweza kutembea, tukabaki sisi wawili.

Nilizunguka gari. Nikafungua boneti, nikaifunga. Nikatumbukiza waya kwenye tangi, ukatoka mkavu, nikautumbukiza tena.

“Njoo ukae,” mama akaniambia.

Nikapanda nyuma, nikakaa kwenye mbao karibu na mguu wake. Hatukuwahi kukaa hivyo, mimi na yeye, tangu nikiwa mdogo, kwa sababu ya hii tabia yangu. Upande wa milimani kulikuwa na mawingu lakini mvua haikuwa karibu. Mama akasema baba yangu alirudishwa nyumbani kwa gari lenye kanopi kama ile.

Mimi baba alipofariki nilikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa, mbali kule, na habari zilinifikia wameshamzika. Nilikuta udongo mbichi na watu wa msiba. Nilijua alifia Ifakara. Alivyofikishwa Namawala sikuwahi kuuliza. Nilichukulia tu kwamba alifikishwa. Kumbe wengine wote wa njia ile walikuwa wanajua. Gari jeupe lililofunikwa nyuma kwao lilikuwa na kazi moja, na ndiyo maana nilipolipitisha mbele yao waliinamisha vichwa.

Mama alinisimulia bila kulia. Lilikuwa gari la kukodi. Ndugu walikaa mbele na dereva, yeye akaingia nyuma na baba, aliyekuwa amefungwa kwenye blanketi na mkeka, na mlango ukakomewa kwa nje. Mvua ilikuwa inakuja, dereva akakimbia ili wasikwame. Kila shimo lilimrusha baba juu na kumtupa ubavuni. Mama alikipakata kichwa chake, akabana miguu kwenye bati ajishikilie, lakini mashimo yalikuwa mengi.

“Nikagonga bodi,” akasema. “Niligonga mpaka mkono ukavimba. Hawakunisikia.”

Nikamuuliza kama alitaka wasimame atoke.

“Hapana. Nilitaka wapunguze mwendo. Baba yako alikuwa anaumia.”

Nilishika kiroba kilichokuwa chini ya mguu wake nikakiweka sawa, ingawa kilikuwa sawa.

Mzee alirudi na dumu. Nilitia dizeli, nikatoa hewa kwenye njia ya mafuta, nikawasha mpaka likakubali. Sikupima. Nilipokaa kwenye usukani niliinua macho, nikaona kitenge cha mama kwenye kioo, mahali pake. Tulikuwa hatujafika hata shimo la kwanza alipogonga bodi mara mbili. Hakuna aliyekuwa anashuka. Nikapunguza mwendo.