Pumzi ya Wambua Niliyoishuhudia

Kifo cha Wambua niliambiwa baadaye. Kupumua kwake nilikushuhudia. Naomba msomaji asiyachanganye mambo hayo mawili.

Nilikuwa mwalimu wa historia, mkazi wa mtaa wa Mowlem, na sauti yangu ilisikika hadi barabarani. Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, sauti hiyo ikaanza kukwaruza. Nikatema damu. Hata mate yakawa hayamezeki. Daktari alisema ni kansa; akaliondoa zoloto lote, kiungo cha sauti kooni, akanitoboa tundu shingoni la kupumulia. Makohozi yalitokea humo, na wajukuu wakaniogopa. Nikawa nazungumza kwa chaki na kibao.

Binti yangu alinipeleka mjini, kwenye chumba cha kompyuta, akanionyesha kundi la wagonjwa wa kansa ya koo, wengi wao wamekatwa kama mimi, wakiandikiana baruapepe kutoka nchi nyingi. Walifundishana kusafisha tundu na kuoga bila kuingiwa na maji. Huko sikuwa bubu. Lakini wengi waliandika waliyoyasikia kana kwamba waliyaona.

Tulipotajiana mitaa, niligundua kwamba mwenzetu mmoja, Wambua, mchonga vinyago, alikuwa Kayole, karibu nami. Aliimba besi kanisani. Alikuwa amekataa upasuaji kwa kuwa mtu wa ng'ambo alilieleza kundi habari za mgonjwa aliyeponywa na maji ya mizizi. Nilimwuliza mtu huyo kama alimwona mgonjwa mwenyewe. Akajibu kwamba alisimuliwa na shemeji yake.

Nililipeleka jibu hilo Kayole. Wambua alikuwa akivuta hewa kwa mlio kama wa msumeno.

"Kumbe ndiwe Mwalimu," alisema kwa shida. "Kwenye kompyuta unapiga kelele sana."

Nilifungua kola, nikamwonyesha tundu. Alilitazama kwa muda mrefu.

"Nikikatwa, besi ataimba nani?"

Niliandika kibaoni: "Maiti haiimbi."

Alikubali. Daktari alimwambia mbele yangu kwamba amechelewa, ila watajaribu. Asubuhi ya upasuaji aliimba besi yake kitandani, peke yake, bila sauti za juu za wenzake, mpaka walipomchukua.

Nawashukuru madaktari, binti yangu, na wenzangu wale ambao hawajawahi kuniona uso. Nawe mgonjwa, kila akupaye ushauri mwulize: uliona, au uliambiwa?

Baada ya upasuaji nilimkuta Wambua macho. Alinyoosha mkono, nikampa chaki. Aliandika: "Waambie."

Niliwaandikia wenzetu wa kundi siku hiyo hiyo: Nimeweka kiganja mbele ya shingo ya Wambua. Pumzi inatoka, nayo ina joto.